HIJA NA AFYA: TWENDE MAJIRA GANI?



Katika jumuiya ndogondogo, kwaya na vikundi vya WAWATA, mipango ya hija huanza kwa maswali matatu: twende wapi, nauli ni shilingi ngapi, na padre atapata nafasi lini? Swali la nne mara nyingi husahaulika: mwezi huo, huko tuendako, hali ya hewa na magonjwa vikoje, na miili yetu itavipokeaje? Mwezi huu tunalijibu swali hilo kwa ajili ya familia za Igogwe na parokia jirani za Rungwe. Tutachukua mifano ya mahali pawili panapopendwa na mahujaji wengi: Bagamoyo, na Namugongo nchini Uganda.

MTU WA MLIMANI ANAPOSHUKA PWANI

Mji wetu wa Tukuyu uko meta zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari. Sisi tunaoishi karibu na Mlima Rungwe tumezoea ukungu, mvua nyingi na usiku wa blanketi mbili. Bagamoyo iko ufukweni kabisa. Tofauti hiyo humgusa msafiri kwa njia tatu.

Kwanza, joto. Mwili wa mtu aliyetoka kwenye baridi huhitaji kama wiki moja hadi mbili kulizoea joto la pwani. Hija nyingi huchukua siku tatu au nne tu. Maana yake ni kwamba hujaji anarudi nyumbani kabla mwili wake haujazoea lolote.

Pili, malaria. Vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu kwa haraka palipo na joto, na polepole sana palipo na baridi. Ndiyo maana malaria ni chache milimani kuliko Kyela au pwani. Sasa sikilizeni vizuri: mtu mzima aliyekulia Bagamoyo ameumwa na mbu wenye malaria miaka mingi, na mwili wake umejifunza kupambana nayo kiasi fulani. Mtu mzima wa Igogwe hana kinga hiyo, au anayo kidogo. Hata aliyekulia bondeni akahamia mlimani kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita. Basi baba mwenye nguvu za kubeba gunia la viazi anaweza kushikwa na malaria kali kama mtoto mdogo.

Tatu, maji na chakula. Nyumbani tunakunywa maji tunayoyajua. Safarini tunakula na kunywa kila basi linaposimama, na penye watu wengi vyoo na maji safi huwa havitoshi.

SOMO LA MAKABURI YA BAGAMOYO

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 na kujenga misheni pamoja na kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ukienda leo utaonyeshwa kanisa la zamani, msalaba, na makaburi ya wamisionari. Soma miaka iliyoandikwa pale. Wengi walikufa wakiwa vijana, na homa ilikuwa mmoja wa wauaji wakubwa. Hawakujua inatoka wapi, kwa sababu ni mwaka 1897 tu ambapo daktari Ronald Ross, akiwa India, aligundua kuwa malaria huenezwa na mbu.

Tena, mwezi Aprili 1872, katikati ya masika, kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar na Bagamoyo na kuharibu majengo ya misheni. Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya nacho kilifika katika pwani yetu. Wale wa kale hawakuwa na uchaguzi wala maarifa. Sisi tunavyo vyote viwili, na ni vema tuvitumie.

MWAKA WA PWANI KATIKA VIPINDI VINNE

1. Desemba hadi Februari: kiangazi cha joto kali. Upepo wa kaskazi huvuma, na mchana joto hupita nyuzi 30 za Selsiasi pamoja na unyevu mwingi hewani. Unyevu huo huzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Watu wengi hupenda kipindi hiki kwa sababu ya likizo ya Desemba. Kwa wazee, wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa wa moyo ni kipindi kigumu.

2. Machi hadi Mei: masika. Mvua ni kubwa, hasa Aprili. Maji hutuama na mbu huzaliana. Vyoo vya shimo hufurika na maji ya visima huchafuka, hivyo magonjwa ya kuharisha huongezeka. Barabara nazo huharibika. Tunakumbuka mvua za El Niño za 1997/98 na zile za 2023/24, zilivyokata mawasiliano sehemu nyingi za nchi. Hiki ndicho kipindi kibaya kuliko vyote.

3. Juni hadi Septemba: kipupwe. Mvua zimekwisha, upepo wa kusi unavuma, joto limepungua na usiku unapumulika. Mbu waliozaliwa na masika bado ni wengi mwezi Juni na hata Julai, lakini kadiri madimbwi yanavyokauka nao hupungua. Agosti na Septemba ndiyo miezi myepesi zaidi kwa mwili wa mtu wa mlimani.

4. Oktoba na Novemba: vuli. Joto linaanza kurudi na mvua fupi hunyesha. Kikundi cha vijana wenye afya njema kinaweza kusafiri, ila kijiandae kwa mvua na mbu.

NA MWAKA WETU WA RUNGWE?

Kuchagua majira ya huko tu hakutoshi. Lazima tutazame pia tunakotoka na njia yenyewe. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Juni na Julai ni baridi na ukungu. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi mikavu.

Kutoka Igogwe hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilometa 800. Basi la kukodi linaweza kupinda Chalinze, kupita Msata na kufika Bagamoyo bila kuingia Dar es Salaam, na hivyo kuwapunguzia mahujaji saa za foleni. Lakini kabla ya hapo mmekwisha kupita baridi ya Makambako, kona za mteremko wa Kitonga na joto la Mikumi, yote katika safari moja. Mwezi Juni au Julai mtu anaondoka alfajiri katika baridi kali ya nyumbani. Mwenye pumu au kifua kibovu hupata shida hapo mwanzoni kabisa, kabla hata ya kuiona bahari.

Kwa kulinganisha pande zote mbili, ushauri wetu ni huu:

Kikundi chenye wazee na wagonjwa wa muda mrefu: Agosti au Septemba. Pwani bado kuna ubaridi, mbu wamepungua, njia ni kavu, na baridi ya kwetu imelegea. Tena wakati huo wengi huwa wamekwisha kuvuna mahindi, na fedha ya nauli hupatikana bila kuuza mbegu au kukopa.

Familia zenye wanafunzi: likizo ya Juni, mradi kila mtoto awe na sweta la njiani na chandarua cha kulalia. Juni ni bora kuliko Desemba.

Watu wote: epukeni Machi, Aprili na Mei. Kama kuna sababu ya lazima ya kwenda wakati huo, waende wachache wenye afya.

NAMUGONGO: TAREHE HAIBADILIKI

Namugongo ni habari nyingine. Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto pale tarehe 3 Juni 1886. Mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, naye mwenyewe akaizuru Uganda mwaka 1969. Sikukuu ni tarehe 3 Juni kila mwaka, na hatuwezi kuisogeza.

Tarehe hiyo ina mambo matatu ya kuangalia. Inakuja mara baada ya mvua za Machi hadi Mei za huko, wakati malaria iko juu. Umati ni mkubwa mno, kwa hiyo kusimama muda mrefu, msongamano na uhaba wa vyoo havikwepeki. Na kutoka kwetu ni safari ya siku mbili au zaidi kwa basi, kupitia Kagera na mpaka wa Mutukula.

Hata hivyo mahali patakatifu pale pako wazi mwaka mzima. Mzee au mgonjwa anayetamani sana kufika Namugongo anaweza kwenda Julai au mapema Agosti, umati ukiwa umeondoka na mvua zimepungua. Atasali kwa utulivu, atakaa kwenye benchi, na atapata maji na choo bila kusukumana.

Mwendao Uganda jueni pia haya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inahitajika kuingia kule, na inahitajika tena mnaporudi Tanzania. Chanjo ipatikane angalau siku 10 kabla ya kusafiri, kwa sababu ndipo kinga inapokamilika. Tangu mwaka 2016 kadi hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, hivyo itunzeni vizuri. Wajawazito na watoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hawapewi chanjo hiyo, na kwa sababu hiyo peke yake wangoje wakati mwingine.

Mwisho, ulizeni habari za milipuko kabla ya kulipa nauli. Uganda ilipata Ebola kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, na tena Januari hadi Aprili 2025. Mkoani Kagera, ambako ndiko njia inakopita, ugonjwa wa Marburg ulitokea Machi 2023 na tena Januari 2025. Milipuko hiyo yote ilidhibitiwa, lakini inatufundisha kutofunga mipango yetu kwa kufuli. Mganga wa wilaya akisema ngojeni, ngojeni.

NANI AULIZE KLINIKI KABLA YA KUJIANDIKISHA?

Mama mjamzito. Miezi ya katikati, yaani wa nne hadi wa sita, ndiyo yenye nafuu kwa safari. Miezi ya mwisho abaki karibu na hospitali. Malaria kwa mjamzito huweza kuua mama na mtoto. Asikose dozi zake za kliniki za kuzuia malaria, na alale ndani ya chandarua kila usiku.

Watoto wa chini ya miaka mitano. Hawa huishiwa maji mwilini upesi na malaria yao hugeuka kali kwa saa chache. Kama bibi au shangazi anaweza kubaki nao nyumbani, na iwe hivyo.

Wenye selimundu. Baridi, uchovu na kukosa maji huwaletea maumivu makali. Kwao safari ya majira ya baridi kali au ya joto kali ni hatari.

Wenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa, na wanaotumia ARV. Wachukue dawa za siku zote za safari na za siku tano zaidi, maana basi huweza kuharibika. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye buti ambako joto huziharibu. Anayetumia insulini aulize jinsi ya kuitunza ibaki baridi. Anayemeza dawa za kutoa maji mwilini amwone daktari kama anakwenda pwani wakati wa joto.

MAANDALIZI NA NJIANI

Kila familia ichukue chandarua chenye dawa. Msitegemee kuvikuta vya kutosha mahali pa kulala wageni. Jioni vaeni mikono mirefu na soksi.

Viatu viwe vile mlivyovizoea. Kiatu kipya hutoa malengelenge, na kwa mwenye kisukari lengelenge dogo huweza kugeuka donda lisilopona.

Kila basi linaposimama, shukeni mtembee. Kukaa saa nyingi hufanya miguu ivimbe, na kwa baadhi ya watu damu huganda ndani ya mishipa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mtu akianza kukosa pumzi ghafla, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Kunyweni maji ingawa kina mama wengi hujinyima kwa kuogopa kukosa choo njiani. Mpangeni dereva mapema asimame kila baada ya saa mbili au tatu. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Chakula kiwe cha moto. Ndizi mbivu na machungwa mnayomenya wenyewe ni salama. Saladi na juisi za barabarani acheni. Tusisahau kuwa mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 Dar es Salaam ulisambaa mikoa mingi.

Anayeharisha apewe maji yenye chumvichumvi, yaani ORS. Zikikosekana, tengenezeni hivi: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpeni kidogo kidogo huku mkitafuta zahanati.

Kwenye jua, anayelalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu aketi kivulini na kunywa maji. Akianza kuchanganyikiwa au mwili ukawaka moto, mmwagieni maji, mpepeeni na mkimbizeni hospitali.

BAADA YA KURUDI: WIKI ZINAZOSAHAULIKA

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote tuliyoandika. Malaria haianzi siku mbu anapouma. Kwa kawaida homa huja siku 10 hadi 15 baadaye, na haiwezi kuanza kabla ya siku kama 7. Hujaji aliyekaa Bagamoyo siku tatu huugua akiwa amekwisha rudi shambani na kuisahau safari. Anatetemeka. Kwa kuwa ni Igogwe na kuna ukungu, wote nyumbani wanasema ni baridi au mafua. Anajifunika blanketi, anakunywa chai ya tangawizi, anameza vidonge vya dukani. Siku ya tatu anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, naye ni mtu asiye na kinga ya malaria mwilini. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kufia nyumbani kwa ugonjwa wenye dawa.

Basi iwe sheria ya kila familia: homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya hija ya pwani au Uganda, nenda siku hiyohiyo Hospitali ya Igogwe au zahanati iliyo karibu, na useme mwenyewe, “Nimetoka Bagamoyo” au “Nimetoka Uganda,” hata kama mganga hakuuliza. Kipimo ni tone moja la damu na majibu hupatikana kwa muda mfupi. Dawa mseto humezwa kwa siku tatu, na dozi imalizwe. Klorokwini ambayo wazee wanaikumbuka iliachwa nchini kwetu mwaka 2001 kwa sababu vijidudu viliizoea.

Kipimo kikionyesha hakuna malaria na homa ikaendelea, rudi. Pwani kuna pia homa ya dengue, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Huenezwa na mbu wanaouma mchana. Kwa homa ambayo haijajulikana tumia parasetamoli, usimeze aspirini.

MASWALI MAWILI

Je, nimeze dawa mseto kabla ya safari ili nijikinge? Hapana. Hiyo ni dawa ya kutibu. Dawa za kuzuia zipo, lakini huchaguliwa na daktari kwa kutazama umri, ujauzito na magonjwa mengine. Muulizeni wiki mbili kabla.

Mama yangu ni mzee na mgonjwa, lakini ameweka nadhiri ya kwenda. Nimkatalie? Msimkatalie kwa ukali. Mpelekeni kliniki, kisha mchague naye mwezi wa Agosti au Septemba, na mtu mmoja wa familia amsindikize. Ikiwa daktari ataona hawezi kabisa, zungumzeni na paroko kuhusu nadhiri yake. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kuhiji, na paroko anajua namna ya kumsaidia.

Ndugu wasomaji, jumuiya inayotaka kusafiri Agosti ianze kuweka akiba na kujadili tangu Januari. Mwezi mmoja kabla, orodha ya majina ipite kwa muuguzi, na baada ya kurudi viongozi wapite nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana homa. Kinga ni bora kuliko tiba. Tunawatakia hija njema na kurudi salama.